Kubebesha mwembe mkongwe bila ya kuwafukuza popo: tathmini ya huduma ya fundi mmoja, Pemba

Tangu katikati ya mwaka 2022 nimekuwa mteja wa fundi mmoja wa kubebesha miti ya matunda, anayezunguka vijiji vya Chake Chake na Wete na baskeli yake, msumeno umefungwa nyuma kwa mpira. Walioniuliza habari zake wamekuwa wengi, na kila mmoja nimekuwa nikimjibu kwa maneno mawili matatu yasiyotosha, kwa hivyo nimeona niandike kwa kirefu. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitaeleza pia makosa aliyoyafanya katika shamba letu, na sipendi makosa ya misimu mitatu yamfuate mtu maisha yake yote.

Huduma anayoitoa ni hii. Unapokuwa na mwembe mkubwa wa kienyeji, wenye afya lakini wenye maembe madogo ya nyuzi, yeye huyakata baadhi ya matawi yake, akangoja machipukizi mapya yatoke kwenye visiki, kisha akayabebesha machipukizi hayo vikonyo, yaani vipande vya ncha za matawi, vya aina nyengine ya embe. Mizizi na shina hubaki vilevile. Kinachobadilika ni yale yatakayozaliwa juu. Kwa kuwa mizizi tayari ni ya miaka mingi, mti hauna haja ya kuanza upya, na ndani ya miaka miwili au mitatu unaweza kuanza kula embe mpya, wakati mche uliooteshwa kwa kokwa hukuweka miaka sita, minane au zaidi.

Wateja wake wengi wanamwita kwa sababu ya boribo, ambayo ndiyo embe ya kuuzika. Mimi na mama yangu tulimwita kwa haja nyengine. Shamba letu liko upande wa Ole, si mbali na Kidike, na katikati yake pana mwembe aliouotesha babu yangu. Kila msimu wa maembe, magharibi ikishaingia, popo hutoka kwenye malalo yao Kidike na sehemu yao huja kwetu. Mwembe ule huzaa kwa wingi kwa wiki chache, kisha basi, na kwa miezi mingi ya mwaka hautoi kitu, si kwao wala kwetu. Tulichokitaka ni mti uleule uzae kwa awamu, kwa muda mrefu zaidi, na chakula cha popo kisipungue katika kipindi chote cha kazi.

Kwa msomaji asiyekuwa wa kisiwa hiki, niseme kidogo juu ya wageni hawa wetu, maana bila ya kuwajua huwezi kuelewa kwa nini nimekuwa mkali kwa fundi. Popo wa Pemba, ambaye wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi, hapatikani pahala pengine popote duniani. Mbawa zake zikikunjuliwa hufikia kiasi cha mita moja na nusu. Jamaa zake wa karibu wako Madagaska na Komoro, na wengine huko Asia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu, kwa sababu misitu ilikuwa imekatwa na wao wenyewe wakiwindwa kwa bunduki kwa ajili ya kitoweo. Baadaye wenyeji wa vijiji vilivyo karibu na malalo walianza kuwalinda, Kidike ikiwa miongoni mwao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwakadiria kuwa kama 20,000. Mama yangu amewaona katika hali zote mbili. Anakumbuka misimu ambayo maembe yalianguka yenyewe kwa kukosa mlaji wa usiku, na hataki kuirejea.

Mara ya kwanza fundi alipofika, alimkuta mama amekaa barazani anachambua mchele. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu." Alikwenda moja kwa moja kwenye mwembe, akauzunguka mara mbili, akaligonga shina kwa mgongo wa panga ili asikie kama lina uwazi ndani, akachokoa gome pahala patatu kuangalia mchwa. Kisha akatueleza mpango wake wa kawaida, ambao ndio anaoutumia kwa kila mteja: kuukata mti wote kwa siku moja, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini, ubaki kisiki, halafu abebeshe chochote kitakachochipua. Alisema hivyo ndivyo kazi inavyokwisha upesi na kwa gharama ndogo.

Mama aliuweka ungo chini. "Na popo watakula wapi mwaka huu? Na wa kesho?"

Fundi alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kuulizwa suala hilo na mteja. Wala hakujaribu kulipuuza. Alirudi baada ya siku mbili na mpango mwengine: mwembe una matawi makuu sita, basi mawili yakatwe mwaka 2022, mawili mwaka 2023, na mawili ya juu kabisa, upande wa kaskazini, yasiguswe kamwe. Huo ndio wakati nilipoamua kumpa kazi. Fundi anayekubali kubadilisha utaratibu wake aliouzoea kwa sababu ya hoja ya mwenye mti ni mtu unayeweza kumwachia msumeno shambani.

Niongeze kwamba mpango wa kukata kwa awamu una faida kwa mti wenyewe, hata kwa asiyejali popo. Mwembe mkubwa ukiukata wote kwa mara moja, mizizi hubaki bila ya majani ya kuilisha, na shina lililokaa kivulini kwa miaka mingi huachwa wazi kwa jua, gome lake likababuka na kupasuka. Miti mingine hukauka moja kwa moja. Matawi yanayoachwa huendelea kuilisha mizizi na kutoa kivuli huku machipukizi yakikua. Kwa nini basi mpango wa kwanza uwe ule wa kukata wote? Nilimuuliza, akanijibu kwa uaminifu kwamba wateja hawapendi kulipa nauli na siku za kazi mara mbili.

Kazi ya kukata ilifanyika mwezi wa Juni, masika yamekwisha. Hapa sina lawama yoyote. Kila tawi alianza kulikata kwa chini kidogo, kisha akalimaliza kwa juu, ili likianguka lisichane gome la shina. Sehemu iliyokatwa aliiacha na mteremko ili maji ya mvua yasituame, na shina lote lililobaki wazi akalipaka chokaa. Kabla ya kugusa tawi la pili alipanda kwanza kuchungulia tundu lililokuwa pale penye panda, na akashuka kutuambia kwamba mna komba ndani. Tawi lile tukaliacha, tukachagua jengine. Watu wengi hawajui kwamba mwembe mkongwe ni nyumba kabla ya kuwa mti wa matunda: komba hulala kwenye matundu yake mchana, na usiku hutoka kutafuta matunda, wadudu na utomvu. Fundi aliyechungulia kabla ya kukata aliniondolea wasiwasi mkubwa.

Msaidizi wake ndiye aliyeumia siku ile. Alibeba matawi mabichi bila ya mikono mirefu, na utomvu wa mwembe ukamtonea kwenye kigasha. Siku ya pili yake ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi kama iliyounguzwa. Utomvu wa mwembe ni mkali, na korosho, ambayo ni ya ukoo mmoja na mwembe, ni vivyo hivyo. Fundi anapaswa kumvisha kijana wake nguo za kazi, na hili nililimwambia usoni.

Machipukizi yalianza kutoka baada ya wiki tano, mengi kupita kiasi. Alikuja mwezi wa Agosti kuyapunguza, akaacha yale yaliyokaa vizuri kuzunguka kisiki, na mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zilipoanza kunyesha na machipukizi yakiwa na unene wa penseli, ndipo akabebesha. Siku kumi kabla yake alikuwa ameshakwenda kwenye miti mama kuyakata majani ya vikonyo alivyovichagua, akaacha vishikizo vya majani tu. Vishikizo hivyo hukauka na kuanguka, na macho ya kikonyo huvimba, tayari kuchipua mara tu yatakapopata maji.

Nilisimama chini ya ngazi nikimtazama, na sehemu hii ya kazi yake naisifu bila ya kusita. Kisu alikipangusa kwa spiriti baada ya kila kikonyo. Chipukizi alilikata bapa, akalipasua katikati kwa urefu wa kidole kimoja. Kikonyo alikichonga pande mbili kama kabari, kwa mikato miwili tu, moja kila upande, bila ya kurudia, kwa sababu mkato uliorudiwa huwa na mawimbi na haukai vizuri kwenye mwenzake. Kisha akakitia kabari ndani ya mpasuko, na hapo ndipo mikono yake ilipopunguza mwendo. Alikuwa akitafuta ule utando wa kijani ulio baina ya gome na mti, wa kikonyo na wa chipukizi, ili ikutane walau upande mmoja. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko chipukizi, ukikiweka katikati kinapendeza kwa macho lakini hakishiki. Lazima ukivutie ukingoni. Akafunga kwa ukanda mwembamba wa nailoni, kuanzia chini kwenda juu kama vigae vya paa, mpaka akakifunika kikonyo chote, na juu yake akakitia kivuli cha jani kavu la mgomba. Kila kimoja kilimchukua dakika nne au tano.

Siku hiyo alibebesha vikonyo 24. Wiki sita baadaye tulivihesabu pamoja, vilivyoshika vilikuwa 17.

Katika kuchagua aina ndipo tulipovutana zaidi. Yeye alitaka boribo juu mpaka chini. Hoja yake ilikuwa ya biashara na ilikuwa na uzito: boribo ina bei, na mti wa zamani ukipata boribo hulipa gharama zake kwa msimu mmoja. Lakini embe ya kuuza huchumwa ikiwa imekomaa na bado ngumu, kabla haijaiva, ili ivumilie safari ya sokoni. Mti wote ukiwa wa boribo, mwenye shamba atauchuma wote ukiwa mbichi, na popo atakapofika usiku atakuta matawi matupu. Hali mbaya zaidi ni ile ya kuwa atakuta matunda yenye thamani kubwa, akayala, na mwenye shamba akamfanya adui. Mauritius jambo hili limefika mbali: mwaka 2015 serikali iliamuru kuuawa kwa maelfu ya popo wa jamii hiyohiyo ya Pteropus, kufuatia malalamiko ya wenye mashamba ya maembe na lichi. Nisingependa mwembe wa babu yangu uwe chanzo cha ugomvi wa namna hiyo hapa Ole.

Tulikubaliana hivi. Matawi ya chini, ambayo mtu huyafikia kwa kingoe, yabebeshwe boribo, hayo ni ya nyumba. Matawi ya kati yabebeshwe vikonyo kutoka mwembe wa jirani yetu unaojulikana kijiji kizima kwa kuzaa msimu wa mchoo, katikati ya mwaka, wakati miembe mingine haina kitu. Embe zake si kubwa lakini ni tamu, na kikonyo huchukua tabia ya mama yake. Machipukizi machache tuliyapa viringe, aina nyengine ya embe, kwa kuwa mama anaipenda. Matawi mawili ya juu yabaki ya kienyeji kama yalivyo, na hayachumwi na mtu.

Jambo la kupanga aina kwa kuangalia wakati wa kuiva halikuzuliwa kwetu. Marekani wapo wenye mashamba wanaobebesha aina za mapea na matufaha zinazochelewa kuangusha matunda yake, juu ya miti ya jamii hizo iliyokwisha ota yenyewe, ili kulungu na wanyama wengine wapate chakula mpaka baridi inapoingia. Kule wengi wao ni wawindaji na lengo lao ni kumvuta mnyama. Lengo letu ni jengine, lakini hesabu ya miezi ni ileile, na nilipomweleza fundi, alianza tangu siku hiyo kuandika katika daftari lake miezi ya kuzaa ya kila mti mama anaouchukulia vikonyo. Sasa anaweza kumwambia mteja, kabla ya kukata chochote, mti wake utazaa lini na lini.

Sasa nieleze kasoro, nazo si ndogo.

Kubwa kuliko zote ni ufuatiliaji. Ukanda wa nailoni unapaswa kulegezwa au kuondolewa pale kiungo kinapokuwa kimeshika vizuri na kuanza kunenepa. Tuliagana kwamba atarudi mwisho wa Januari 2023. Hakuja. Alikuwa amepata kazi kubwa Unguja, na ujumbe wangu akawa anaujibu kwa kuahidi wiki ijayo. Nilipopanda mwenyewe mwezi wa Machi nilikuta nailoni imezama ndani ya gome, na vikonyo vitatu vilikuwa vimebanwa mpaka majani yake yakawa manjano. Nilipoufungua ukanda, pale chini palikuwa na mfereji mweupe unaozunguka, na vyote vitatu vilikatika kwenye alama hiyo. Kimoja chengine kilivunjwa na upepo wa kusi kwa kuwa hakikuwekewa kijiti cha kukishikilia. Hivyo kati ya 17 tukabakiwa na 13. Alipokuja aliomba radhi kwa mama, akakata bei ya vile vitatu katika malipo, na hilo nalihesabu upande wake. Hata hivyo, fundi ambaye kazi yake huharibika kwa kukosa ziara moja ya nusu saa anapaswa ama kuwa na mtu wa kumwakilisha au kumfundisha mwenye mti kuondoa ukanda mwenyewe. Baada ya tukio hilo alinifundisha, na ni jambo jepesi: unauchana kwa ncha ya wembe upande ulio mbali na kiungo, ukauacha uanguke wenyewe.

Kasoro ya pili ni alama. Vifungu vya vikonyo alivileta vimefungwa kwa kamba za rangi moja, na juu ya mti vikachanganyika. Tulilijua hilo pale chipukizi tulilodhani ni boribo lilipotoa viringe. Kwa anayetaka embe za kula, pengine si hasara kubwa. Kwa aliyepanga mti wake kwa miezi, ni kosa linaloonekana baada ya miaka miwili, wakati hakuna tena la kufanya.

Ya tatu ni dawa. Katika malipo yake ya jumla huweka upigaji wa dawa ya wadudu wakati wa maua. Nilikataa, na tukabishana kwa muda. Maua ya mwembe huchavushwa kwa sehemu kubwa na nzi na wadudu wengine wadogo, na kuyapiga dawa ya kuua wadudu yakiwa yamefunguka ni kuwaua wafanyakazi wako wenyewe, mbali ya kuwa chozi na ndege wengine hula wadudu haohao. Ugonjwa wa unga na chule (madoa meusi) ni tatizo la kweli, chule hasa vuli ikiwa nzito, lakini hayo ni magonjwa ya kuvu, si ya dawa ya wadudu, na kwetu kupunguza machipukizi ili hewa ipite ndani ya mti kumesaidia vya kutosha. Alikubali kuiondoa dawa katika hesabu yangu. Nawashauri wengine wamwambie mapema, kwa sababu asipoambiwa huipiga.

Awamu ya pili, Oktoba 2023, ilikwenda vizuri zaidi: vikonyo 20, vilivyoshika 17, kila kimoja na kijiti chake na kamba ya rangi yake, na ukanda niliuondoa mwenyewe. Gharama zilikuwa shilingi 60,000 kwa kazi ya kukata na kupaka chokaa kila awamu, na shilingi 2,500 kwa kila kikonyo kilichoshika, ambacho hulipiwa baada ya kuhesabiwa. Kwa awamu mbili, baada ya kuondoa vile vitatu, tulilipa jumla ya shilingi 197,500. Utaratibu wa kulipia kilichoshika peke yake ni wa haki, na kama kuna mafundi wengine wanaotaka malipo yote mbele, nisingewapa.

Boribo za kwanza tulizila Januari 2025, chache, kwa kuwa maua ya mwanzo kabisa alituagiza tuyaondoe ili matawi yapate nguvu kwanza. Mwezi wa Julai mwaka huohuo matawi ya kati yakazaa kwa mara ya kwanza, kama mwembe wa jirani unavyozaa. Nilikuwa nimelala shamba. Kiasi cha saa mbili usiku nilisikia ule mpigo mzito wa mbawa, kama mtu anayekung'uta mkeka, na juu ya tawi la kati pakawa na vivuli vitatu vinavyogombana. Asubuhi nilikuta makapi chini ya mti. Popo hamezi nyama ya embe yenye nyuzi. Huitafuna, akaikamua maji yake, kisha akayatema makapi yaliyobanwa kama kidonge bapa, yenye alama ya kaakaa lake. Niliokota kumi na mbili. Mama aliyapanga juu ya jani la mgomba barazani, akayatazama kwa muda mrefu, akasema, "Julai hawajawahi kuja."

Kuna jambo ambalo fundi hakutuambia na tulilazimika kulijua wenyewe, nalo ni la nzi wa matunda. Mtu anayeacha embe kwa ajili ya wanyama hushawishika kuziacha hata zilizoanguka, akidhani ni sadaka. Embe iliyooza chini ni kiota cha nzi wa matunda: mabuu hutoka humo, yakajichimbia ardhini, na baada ya siku kadhaa wakaruka nzi wapya kwenda kutaga katika embe zilizo juu, zako na za jirani. Sasa kila asubuhi tunaziokota zilizoanguka na kuzifukia kwenda chini nusu mita, na za wanyama ni zile zilizo juu ya mti tu. Kazi hii ni ya kila siku kwa msimu mzima, na anayefikiria kuufanya mwembe wake kama wetu aiweke katika hesabu. Vilevile embe iliyotafunwa na popo au komba asipewe mtoto, hata kama upande mmoja umebaki mzima.

Upande wa ukweli wake kwa mteja nina jambo moja zuri la kumalizia sifa. Nilimtaka abebeshe na mshelisheli wetu, kwa kuwa popo wanaupenda. Angeweza kuchukua fedha zangu. Alinieleza kwamba shelisheli letu halina mbegu na huoteshwa kwa machipukizi ya mizizi, hivyo akachimba chipukizi moja lililotoka mita tatu kutoka shina, akanionesha namna ya kulikata na mzizi wake, na hakudai chochote. Kwa ninga wa Pemba, njiwa wa kijani ambao nao hawapatikani pengine, alisema wazi kwamba kubebesha hakuwasaidii, kwani wao hutaka tini ndogo za kumeza, na akanishauri nisiukate mlandege, mtini wa mwituni, ulioko mpakani ambao jirani alikuwa akiulalamikia. Mlandege upo mpaka leo.

Kwa ufupi wa ushauri: mwenye mwembe mmoja au miwili mikubwa, mwenye subira ya miaka mitatu na aliye tayari kupanda ngazi mwenyewe kuondoa nailoni, amwite fundi huyu, amwambie kabla ya yote kwamba hataki mti wake ukatwe wote. Anayeishi Unguja na shamba lake liko Pemba bila ya mtu wa kuliangalia, namshauri asimwite kwa sasa, mpaka apate msaidizi wa kufuatilia. Kwa mikono yake na kisu chake nampa alama tisa katika kumi, kwa kutimiza miadi nampa nne. Mwaka wa kwanza ningempa mbili.

Mwezi ujao anakuja kuuangalia mlimau mkongwe ulio nyuma ya kisima, ambao tunataka ubebe machungwa, machenza na mabalungi kwa pamoja, kila kimoja kwa wakati wake. Nimemtaka aje na kamba za rangi tatu, na mama amemtaka aje mapema, kwa kuwa kuna kurumbiza ameweka kiota kwenye tawi la upande wa kibla, na mpaka makinda yaruke tawi hilo halikatwi.